Siku ulipojua mtaa wenu si ule tena: tupeane uzoefu (Dar)

Mtoto wa Mapipa
Wakuu, habari za jioni. Leo mvua imenyesha asubuhi, pale Jangwani magari yakazuiwa, mnayajua. Maji yalipopungua nikaona bora nivuke kwa miguu kuliko kuzunguka. Nikaingia Magomeni kwa mitaa ya nyuma, mara nikajikuta nimesimama mbele ya nyumba tuliyopanga kuanzia 1998 mpaka 2009.

Haipo. Pana ghorofa, chini fremu za vipodozi na wakala wa pesa. Hilo nililitegemea. Kilichonishika ni kibaraza. Kilikuwa cha saruji nyekundu, tunakisugua kila Ijumaa kwa kifuu cha nazi mpaka kinateleza, na Ramadhani jamvi linatandikwa pale, yeyote anayepita anafuturu. Kipande chake kimebaki, kama hatua mbili hivi, jenereta limekalia juu yake. Nikakitazama mpaka mlinzi akaniuliza, "Unamtafuta nani, mzee?" Nikakosa la kumjibu.

Wewe ulijua lini kwamba mtaa wenu umeondoka? Si lazima iwe bomoabomoa. Kwetu zilianza habari ndogondogo: mangi kahama, mwembe wa uani umekatwa, kijiwe cha bao kimewekwa meza ya kubashiri mpira.

Zuhura wa Mikumi
Kifuu na maji ya majivu! Umenirudisha mbali, kaka.

Binti Kota
Mimi ni mtoto wa Magomeni Kota, zile nyumba za zamani za serikali. Tulikuwa kaya 644, na namba hiyo kila mtoto wa Kota anaijua kama anavyoijua simu ya mama yake. Tukaambiwa tupishe, nyumba zikavunjwa, halafu uwanja ukakaa majani miaka na miaka. Sisi tukawa watu wa kuhama: Mburahati, Tabata, Kimara, kila mahali kodi ya miezi sita mkononi. Kila tukipita na daladala baba anageuza uso upande wa dirisha, anaangalia yale majani, hasemi kitu.

Ghorofa zilipofunguliwa Machi 2022 mama alipata ufunguo. Baba alikuwa ameshatangulia.

Nyumba ni nzuri, sitadanganya, maji yanatoka ndani. Lakini mama kila saa kumi jioni anashuka na kiti chake cha plastiki, anakaa chini karibu na lango. Nilimuuliza kwa nini asipumzike juu kwenye upepo. Akaniambia, "Juu hapiti mtu wa kuniambia shikamoo." Hapo ndipo nilipojua.

Msafiri 77
Mama asalimiwe sana. Shikamoo yangu mfikishie.

Kimara Suka
Kwangu ilikuwa X nyekundu, ile alama ya kuvunjiwa nyumba. 2017. Natoka kazini, naikuta ukutani, rangi bado inachuruzika, na mke wangu kasimama ameshika kitambaa kana kwamba angeweza kuifuta.

Tuliambiwa hifadhi ya Barabara ya Morogoro ni mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Tukapima wenyewe kwa futi ya fundi. Mstari ulipita sebuleni, katikati ya kochi. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa salama, sebule na jiko vilikuwa vya barabara. Jamani, nyumba haikatwi kama mkate. Tulivunja wenyewe usiku, majirani wote tunagonga nyundo kwa pamoja, kila mtu anaokoa mabati, nondo na fremu za milango kabla tingatinga halijafika. Mlango wangu wa mninga ninao mpaka leo, umelala chini ya kitanda nilikopanga.

Sasa barabara imekuwa njia nane. Napita mbele ya ilipokuwa sebule yangu kila asubuhi.

Sheria Kwanza
Pole, lakini tuambiane ukweli. Hifadhi ya Barabara ya Morogoro haikuanza 2017. Watu walijenga wakijua.

Kimara Suka
Ndugu yangu, mimi nilinunua 1996 mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Nikaunganishiwa umeme. Nikaunganishiwa maji. Kodi ya jengo nimelipa na risiti ninazo. Nani kati ya wote hao alinifungua macho?

Sheria Kwanza
Mwenyekiti wa mtaa hapimi ardhi, kaka. Kuunganishiwa umeme hakukupi hati.

Kimara Suka
Hiyo ndiyo sentensi niliyoambiwa na kila dirisha nililokwenda.

Dada Mwembechai
Sheria Kwanza, umeulizwa uzoefu, hukuulizwa hukumu. Kama huna wako, waachie wenzako.

Konda Mstaafu
Mtaa wetu uliondoka Mei 2016, siku mabasi ya mwendokasi yalipoanza Kimara hadi Kivukoni. Nilikuwa konda wa njia ile miaka kumi na moja. Siku ya mwisho abiria mmoja wa kila siku, mama mtu mzima, alinipa nauli na mfuko wa maembe. Nikahamishiwa njia ya pembeni, nako hesabu ya tajiri ikawa haifiki. Na si sisi peke yetu. Pale kituoni kulikuwa na mama vitumbua, kijana wa magazeti, mkaanga mihogo, fundi viatu. Kituo kilipohama, wote walipotea ndani ya wiki mbili. Kituo kilikuwa mtaa.

Mfanyakazi wa Posta
Kaka konda, nakuonea huruma ya kweli, ila kabla ya hapo mimi nilikuwa natumia saa mbili mpaka tatu Kimara hadi Posta, nimening'inia mlangoni. Nilikuwa nafika nyumbani watoto wamelala. Mwendokasi ulinirudishia chakula cha usiku na watoto wangu. Msongamano wa sasa ni shida nyingine.

Konda Mstaafu
Sikukatalii. Nasema tu kuna waliolipia hiyo safari yako.

Mjukuu wa Kariakoo
Sisi tulibomoa wenyewe kwa hiari, ndiyo inayouma. Nyumba ya babu, vyumba sita, korido katikati, uani mkungu na kisima. Mwekezaji akaja na habari ya ubia: ninyi mna kiwanja, mimi nina pesa, tunagawana ghorofa. Wajomba wakatia saini. Sasa ndugu hawasemezani kwa sababu ya nani apewe fremu za chini zenye biashara na nani apewe chumba cha juu. Msiba wa shangazi tuliufanyia Temeke kwa sababu hapakuwa na pa kutandika mikeka. Na tangu ghorofa lile lililoporomoka Novemba 2024, nikipita Kariakoo natembea nikiangalia juu.

Mama wa Wawili
Nimesoma yote, nikawa najizuia. Sasa naandika.

Nilikuwa napanga Magomeni Suna, chini kabisa, nyumba ya tatu kutoka mtoni. Desemba 2011, wiki ile ya kuelekea Krismasi. Mvua ya Jumanne haikutushtua, tulishaizoea. Maji yakiingia korido unapandisha godoro juu ya kabati, unga unauweka juu ya friji la mwenye nyumba, unasubiri yaondoke. Usiku ule nilifanya vilevile. Usingizini nikashusha mguu, maji yakanifika gotini. Ndala zangu zinaelea, moja imejipindua.

Mdogo alikuwa wa miezi saba, mkubwa miaka sita. Nikaenda mlangoni, haufunguki, maji ya nje yameusukuma. Dirisha lina nondo. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Aliyenisikia ni fundi baiskeli wa kona ya juu. Tulimwita Fundi tu, jina lake sikuwahi kumuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Akapanda juu ya paa, akang'oa bati mbili, uso wake ukatokea pale juu na mvua inamwagika pamoja naye. Akaniambia, "Mama, nipe mkubwa kwanza." Nikakataa, nikamwambia mchukue huyu mchanga. Akasema, "Mchanga atakuja kwa karai. Mkubwa ukimbakisha ataogopa, atakushika, mtazama wote."

Akateremsha kamba. Haikuwa kamba. Ilikuwa mipira ya ndani ya baiskeli, ameifunga mafundo, minane au tisa. Mkubwa akapanda. Halafu nikachukua karai la kufulia, la bluu, nikamlaza mdogo, nikamfunga na khanga mara mbili, nikamfungia ile mipira kwenye masikio ya karai. Sasa mpira unavutika. Fundi anavuta, karai linapanda, linashuka, linapanda, linashuka, na mtoto ananitazama tu, halii. Maji yako kifuani mwangu. Nilihesabu mara nne likishuka kabla halijapita kwenye tundu.

Mimi nilitoka mwisho. Bati lilinichana mkono, kovu ninalo.

Tulikaa juu ya paa watu kumi na mmoja mpaka saa nane mchana. Yalipita magodoro, mitungi ya gesi, mbuzi, mlango mzima na kufuli lake. Hakuna aliyekuwa anaongea. Fundi alikuwa amemkumbatia mkubwa wangu kwa sababu mimi mikono ilikuwa inatetemeka.

Tulipotolewa tukalazwa kwenye darasa la shule. Wengi baadaye wakapelekwa Mabwepande, nje ya mji, serikali ilikowapa viwanja. Mimi nilikwenda kwa dada yangu Mbagala. Niliporudi Januari, kona ya Fundi ilikuwa tope tupu, imebaki nguzo moja aliyokuwa anatundikia mataili. Mdogo yuko sekondari sasa.

Zuhura wa Mikumi
Mama, nimelia. Mungu amtunze popote alipo.

Msafiri 77
Zaidi ya watu 40 walifariki mafuriko yale. Ninyi mlikuwa hatua moja.

Mtoto wa Mapipa
Dada yangu, mimi na kibaraza changu tunakupisha. Pole sana.

Sheria Kwanza
Pole mama. Swali langu si la ubaya: watu waliopewa viwanja Mabwepande, mbona wengi walirudi bondeni? Na 2015 zikapigwa X tena, zikavunjwa tena.

Binti Kota
Kwa sababu kazi iko Kariakoo. Mama anayeuza samaki, anatakiwa soko la Feri alfajiri, utamweka Mabwepande aamke saa ngapi? Nauli ya kwenda na kurudi inakula mtaji. Umewahi kulala hema la mvua na watoto wewe?

Sheria Kwanza
Nimewahi. Nimezaliwa Hananasif. Nyumba ya baba yangu ilivunjwa 2015. Ndiyo maana nauliza kwa ukali, kwa sababu baba alionywa mara tatu na mimi nilikuwa namtetea.

Dada Mwembechai
Ungeanzia hapo, kaka. Pole na wewe.

Fundi Ramani
Kwa wanaotaka kununua, naomba mnisikilize. Mimi napima viwanja. Usinunue kiwanja kiangazi. Kiende ukikione masika, siku ya mvua, umevaa viatu vya plastiki. Kabla ya kulipa nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uulize kama kimepimwa na kimepangiwa matumizi gani. Leseni ya makazi si hati, ina muda wake. Muulize mzee wa mtaa, si dalali, "Maji huwa yanapita wapi?"

Kimara Suka
Nami naongeza: tunza risiti zote. Piga picha nyumba yako ndani na nje, mwaka kwa mwaka.

Mfanyakazi wa Posta
Risiti zenyewe si wewe umesema hazikukusaidia?

Kimara Suka
Hazikunisaidia. Tunza hivyohivyo.

Bodaboda wa Manzese
Ushauri wangu, pangeni. X ikija unabeba godoro unasepa.

Mjukuu wa Kariakoo
Mpangaji naye ghorofa likija anapewa notisi, mdogo wangu. Jenga. Hata chumba kimoja Chanika, jenga.

Mama wa Wawili
Ahsanteni wote kwa maneno yenu. Naomba kitu kimoja. Yule Fundi alikuwa mfupi, mweusi, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakina kucha. Alikuwa anapenda kupiga mluzi akifanya kazi. Kama kuna mtu wa Suna wa miaka ile anajua alikwenda wapi, aniambie. Mdogo anauliza kila Desemba.

Mabwepande Bunju
Mama shikamoo. Mimi huwa nasoma tu, siandiki. Huku kwetu, karibu na kisima cha pili, kuna mzee anatengeneza baiskeli na bodaboda. Ni mfupi, na mluzi anapiga kweli. Kidole sijawahi kukitazama. Sisemi ni yeye. Alikuja na watu wa mafuriko, hilo najua. Jumamosi nampelekea pikipiki, nitamuuliza.

Mama wa Wawili
Marhaba mwanangu. Usimtajie jina langu, hakuwahi kulijua. Muulize kama anakumbuka karai la bluu.