Kamera ya milioni 4.2: TIN ya biashara, makadirio au zuio tu?

Lenzi_Moro: Wakuu, heshima kwenu. Nimeajiriwa hapa Morogoro, Jumamosi napiga picha za harusi. Jumatatu nashuka Kariakoo kuchukua kamera ya milioni 4.2, bila risiti ni 3.7. Kuna shirika pia limenipa kazi. TIN, namba ya mlipakodi, ninayo ile ya ajira. Niibadilishe iwe ya biashara, au nikatwe kodi ya zuio asilimia 5 na anayenilipa, yaishe?

Mama_Hesabu: Mdogo wangu, mbona ya muhimu umeyaacha? Mshahara kiasi gani? Harusi ngapi? Anayekulipa ni nani?

Lenzi_Moro: Samahani dada. Mshahara ghafi 1,150,000. Harusi mbili kwa mwezi, 350,000 kila moja. Shirika ni 1,800,000, mara moja tu.

Mama_Hesabu: Basi zuio litakugusa kwenye kazi ya shirika peke yake, 90,000. Kamati ya harusi haikukati kitu. Na hilo zuio haliishii hapo: ni malipo ya awali, unalidai kwenye ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka.

Kibo_Studio: Nenda kwenye makadirio, mkuu, kodi inayopigwa kwa mauzo ya mwaka. Mauzo yako kwa mwaka ni kama milioni 10.2. Ukiwa na kumbukumbu za biashara unalipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 186,000. Bila kumbukumbu ni 250,000.

Mama_Hesabu: Makadirio ni ya mtu ambaye kipato chake chote ni biashara. Huyu ana ajira. Faida ya picha inapanda juu ya mshahara, na kwake huko juu ni asilimia 30. Matumizi yenye risiti yanapunguza hiyo faida, ndiyo maana risiti ni mali kwake.

Kibo_Studio: Mimi nimeajiriwa, mwaka wa tatu huu nakadiriwa. Sijaulizwa.

Mama_Hesabu: Kutoulizwa si kuruhusiwa, kaka.

Sauti_Dom: Lenzi, nisikilize mimi yaliyonikuta. Nakodisha spika na kuhariri video, mchana nipo ofisini. Mteja mmoja mkubwa alinipa kazi nne, kila mara akakata asilimia 5. Hati ya zuio nikiomba, naambiwa mhasibu yuko safari. Nikanyamaza, nikiogopa kukosa kazi ya tano. Wakati wa ritani sikuwa na karatasi hata moja, ile pesa ikahesabika kama sijalipa. Matumizi nayo niliyaandika kwenye daftari: bodaboda, kijana wa kubeba spika, mafuta ya jenereta. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikuwa nayo hata ya mafuta. Yakakataliwa karibu yote. Nililipa kwa mafungu miezi saba na ada ya mtoto ikachelewa. Dai hati siku ileile unayolipwa.

Lenzi_Moro: Pole sana kaka. Kwa hiyo kamera nikidai risiti, milioni 4.2 yote inatoka kwenye faida mwaka huu?

Mama_Hesabu: Hapana. Kamera inatolewa kidogo kidogo kila mwaka kama uchakavu. Kuchapisha albamu na kumlipa msaidizi ndivyo vinatoka mwaka huohuo. Risiti iwe na TIN yako.

Pwani_Picha: Samahani, 4.2 ni kamera gani? Kwa harusi hakikisha ina nafasi mbili za kadi. Niliwahi kupoteza picha za ndoa nzima msikitini kwa kadi moja kufa. Chukua iliyotumika, pesa iweke kwenye lenzi.

Kibo_Studio: Iliyotumika shutter, lile pazia linalofunguka kila ukipiga, imechoka. Nunua mpya.

Pwani_Picha: Yangu ina mwaka wa sita, inadunda.

Mama_Hesabu: Na iliyotumika ya mkononi risiti ya EFD utaipata wapi? Lenzi, mkataba wako wa ajira unaruhusu kazi ya pembeni? Mwajiri anajua?

Lenzi_Moro: Hilo sijalisoma, dada. Leo nautafuta mkataba. Muuzaji kanipigia sasa hivi, anasema kwa risiti anashusha hadi 4.05 ila nilipe kesho. Na kamati ya Jumamosi bado inaniomba subira kwa 200,000 ninayoidai. Pwani, hiyo yako ya mwaka wa sita ni aina gani?