Mwenye tawi, kumfukuza weita si mafunzo! (Kisumu)

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka 6 kwenye tawi la hoteli moja ya jina kubwa hapa mjini. Jina silitaji. Mwanangu ana aleji ya samaki. Najua, mtoto wa Kisumu asiyekula samaki, utani wote tumeshausikia, hata nyanyake husema tulimwokota njiani. Ndiyo maana kabla ya kuagiza mimi huuliza swali moja tu: chipsi mnakaanga kwenye mafuta yale yale ya samaki? Weita, msichana mdogo, akatupa jicho jikoni, akanigeukia, akasema, "Hapana madam, mafuta yetu ni safi."

Safi! Nani ameuliza kama ni safi?

Chipsi hazijafika nusu, mtoto akaanza kujikuna shingo, mdomo wa chini ukavimba kama aliyeumwa na nyuki. Bahati dawa yake hukaa kwenye mkoba wangu. Tukarukia tuktuk hadi hospitali, tukakaa kwenye benchi masaa matatu akiangaliwa.

Jioni nikarudi peke yangu, nikasimama mlangoni pa jikoni nikajionea. Mashine ya kukaangia ni moja. Samaki humo, chipsi humo. Mafuta hayo hata ukiyachuja mara kumi, kinachomdhuru mtoto kinabaki, na moto haukiui. Msichana hakunidanganya, hakujua tu. Ilikuwa siku yake ya tatu kazini. Mafunzo yake yote, aliniambia akifuta machozi kwa aproni, yalikuwa kushika trei, kusema "karibu sana" na kubonyeza oda kwenye skrini.

Sasa sikieni. Meneja: "Pole madam, huyu ni mgeni." Mwenye tawi kwa simu: "Mambo ya mafunzo ni ya makao makuu." Makao makuu nao wakajibu kwamba kila tawi lina mwenyewe na yeye ndiye mwajiri. Danadana, na mpira ni mwanangu.

Mimi kabla sijaolewa nilisimama kaunta ya jina kama hilo kule Nakuru, kwa hivyo msinichezee. Mtu akilipia jina hanunui bango na rangi za ukuta peke yake. Anapewa kitabu cha taratibu, yeye na meneja wake wanafundishwa, halafu ni juu yao kumfundisha kila wanayemwajiri, hadi anayeosha sufuria. Barua ya kazi ni wewe mwenye tawi uliyeitia sahihi, bwana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamdai mwajiri amfundishe mfanyakazi wake, na huyo msichana alikuwa anapita na trei hatua mbili kutoka kwenye mafuta ya moto. Bosi wetu wa Nakuru alikuwa mchungu kama mwarobaini, lakini wiki mbili nzima ulimfuata mfanyakazi wa zamani nyuma nyuma kabla ya kupewa meza. Mteja akitaja aleji, jibu lilikuwa moja: "Ngoja niulize jikoni." Maneno matatu tu!

Na msiniambie pesa hakuna. Tazameni risiti, pale chini: CTL, ile ada ya hoteli na mikahawa, asilimia 2. Ada hiyo ilianzishwa kugharimia mafunzo ya kazi za hoteli, na anayeilipa ni mimi ninayekula. Mwajiri naye hutakiwa kutoa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na akiwapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Umewahi kudai hata mara moja? Au kwako mafunzo ni kile cheti cha afya cha kila miezi sita? Kile hupima choo cha mtu, hakipimi kama anajua kilichopita kwenye karai.

Jumatatu wakamfuta msichana. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli. Nilikuwa nimemwambia meneja wazi kwamba sina ugomvi na huyo msichana. Mashine bado ni moja, kitabu bado kimefungiwa kwenye droo ya ofisi, ila weita ameondoka, basi eti mambo yamekwisha.

Jana nikapita tena. Kaunta ina msichana mwingine, yunifomu bado ina mikunjo ya pakiti. Nikamuuliza chipsi zinakaangwa kwa mafuta gani.

"Ya kawaida tu, madam. Nikuwekee za ngapi?"