Siku 60 za korti ya madai madogo zikipita na kosa si lako, hii sheria haiwezi rekebishwa?

fundi_wa_deka (Nakuru)
Wakuu habari zenu, naomba msaada hii maneno imeninyima usingizi. Mimi ni fundi wa mbao hapa Nakuru. Nilitengenezea mwenye hosteli vitanda 24 vya deka, kimoja 9,500, jumla 228,000, akanipa 60,000 ya kuanzia halafu nikishapeleka ikawa njoo wiki ijayo, njoo mwisho wa mwezi, mpaka akaacha kushika simu. Nikaenda korti ya madai madogo bila wakili, na meseji za WhatsApp na dilivari noti alisaini mwenyewe na biro nyekundu nyuma ya risiti yangu ya mbao. Nikashinda 168,000 na gharama. Lakini kesi ilisukumwa mara mbili, kwanza mwamuzi ako semina, halafu sistemu iko chini, hukumu ikatoka siku ya 83. Sasa amekata rufaa Mahakama Kuu na wakili wake hata hasemi vitanda havikufika, anasema tu siku 60 ambazo sheria inaipa korti kumaliza kesi zilipita kwa hivyo hukumu si kitu. Na mimi kila tarehe saa mbili asubuhi nilikuwa kwa benchi na faili yangu!! Bunge haliwezi kuandika kwamba kuchelewa kwa korti kusimwangukie anayedai?

karani_wa_kisumu
Pole sana fundi. Niko kwa ofisi ya mawakili hapa Kisumu na hizi rufaa tunaziona. Kifungu cha 34 cha ile sheria ya korti za madai madogo ya 2016 kinasema kesi isikizwe siku kwa siku, hukumu itoke ndani ya siku 3 baada ya kusikizwa na yote iishe siku 60 tangu kufailiwa. Shida hakisemi zikipita inakuwaje. Ndio maana hata majaji wa Mahakama Kuu hawajakubaliana, kuna waliotupa hukumu kama yako wakisema siku ya 61 korti haina mamlaka tena, na kuna waliokataa wakishika kifungu cha 159 cha Katiba, kwamba haki isifungwe na mambo ya ufundi ufundi wa sheria. Kwa hivyo usikate tamaa lakini usiende mikono mitupu. Tena rufaa peke yake haizuii malipo, mpaka apate amri ya kusimamisha.

mama_nafaka_bgm
Mimi siungi mkono kugusa hizo siku. Baba yangu ng'ombe wake wawili waligongwa na lori, hiyo ni kabla ya hizi korti za madai madogo, tukaenda korti ya kawaida miaka 9. Unatoka Bungoma vijijini alfajiri, unakaa mpaka saa sita unaambiwa leo kesi ni ya kutajwa tu, haisikizwi, unarudi. Mzee alikufa kama bado hajaitwa kutoa ushahidi. Wakilegeza 60 itakuwa 90, halafu itakuwa mwaka.

fundi_wa_deka (Nakuru)
Mama pole kwa mzee, hiyo inauma. Sisemi zitolewe, zibaki 60. Nasema waongeze mstari mmoja tu, kwamba zikipita kwa sababu ya korti yenyewe hukumu isimame, na mwamuzi aandike kwa faili ni nini kilimchelewesha na hiyo ripoti iende kwa wakubwa wake. Aliyechelewesha ndio aulizwe.

mama_nafaka_bgm
Hapo sawa mwanangu, hiyo hata mimi naweza saini.

shinyalu_huru
Basi isiishie hapa. Katiba kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni kutaka sheria itungwe, ibadilishwe ama ifutwe, na kuna sheria ya 2012 ya namna ya kuliandika. Si lazima wakili. Unaweza pitia kwa mbunge wako au umpelekee karani wa bunge mwenyewe. Na hii sheria si mara ya kwanza kuguswa, ilianza na kikomo cha laki 2, mwaka wa 2020 bunge likapandisha mpaka milioni 1, na bila hiyo fundi hata angekuwa anadai laki 3 hangeingia hapo. Mimi nitaandika rasimu nyinyi mrekebishe.

karani_wa_kisumu
Fundi kabla ya hiyo rasimu, kesho nenda rejista uombe nakala ya mwenendo wa kesi yenye muhuri. Angalia kila tarehe iliyosukumwa imeandikwa ni kwa sababu gani, hiyo ndio silaha yako kwa rufaa.

fundi_wa_deka (Nakuru)
Asanteni sana. Nafunga karakana kesho asubuhi naenda.