Fundi kaniuzia kompyuta ya injini 1,350,000 bila kupima chaji, imeungua siku ya tisa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha.

Nina Land Cruiser pikapu ya zamani, injini 2F ya petroli. Ndiyo inayolisha nyumba yangu: natoa mahindi Kibaigwa naleta Dodoma mjini. Kabureta ilinichosha nikafunga mfumo wa injeksheni wa kununua pembeni, ule ambao kompyuta imo humo humo kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), na una skrini yake ya kuupangia. Mwaka mzima sikuona tatizo. Mwezi uliopita ikakata: skrini giza, pampu kimya, nozeli hazirushi mafuta.

Nikaenda kwa fundi mwenye jina hapa mjini. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Fundi, balbu za mbele zinaungua kila wiki, na betri inanuka mayai viza." Akanijibu, "Hayo madogo bosi, kompyuta ndiyo imekufa." Hakushika hata mita. Alifungua boliti, akafunga mpya, akachomeka soketi, akabonyeza bonyeza skrini, akachukua hela.

Tangu siku hiyo gari likawa linatoa moshi mweusi, plagi zimejaa masizi kama chungu cha kuni, mafuta yanakwenda kama maji. Nikimpigia: "Iache ijifunze bosi," yaani kompyuta ijirekebishe yenyewe kiasi cha mafuta. Siku ya tisa, nina magunia 10 mgongoni, nimepita Mbande kidogo tu, likazima. Skrini giza tena. Nimelala barabarani na mahindi ya watu!

Kijana mmoja fundi umeme wa Majengo ndiye aliyenifungua macho. Tulirudisha kabureta na pampu yangu ya zamani ili injini iwake, akaweka mita kwenye betri. Injini ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, volti 14.1. Akakanyaga mafuta kidogo: 16.9! Mnaojua mnajua, inatakiwa icheze kwenye 14 na pointi. Reguleta ya alteneta, ile inayozuia chaji isizidi, imekufa, ndiyo iliyoua balbu, ikachemsha betri, ikaua kompyuta ya kwanza na ya pili. Reguleta nimenunua 45,000. Elfu arobaini na tano, wakuu!

Si hilo tu. Siku ya kufunga nilipiga picha ile skrini kwa simu. Kijana akaikuza, akanionyesha ukubwa wa injini aliouingiza fundi: silinda 8, inchi 350 za ujazo. Injini yangu ina silinda 6, cc 4,230, yaani inchi 258 za ujazo. Siku zote tisa kompyuta ilikuwa inaiendesha kwa mipangilio ya V8, injini ya silinda 8, na hapo hakuna kujifunza kutakakoiokoa.

Nimerudi kwa yule fundi aliyeniuzia na ushahidi wote. Anasema vitu vya umeme havina gerentii. Gerentii ya nini wakati wewe ndiwe umeifunga kwenye chaji mbovu niliyokutajia dalili zake?

Kompyuta zote mbili ninazo, picha ninayo, meseji ya malipo ninayo. Jumatatu naenda mahakama ya mwanzo. Aliyewahi kumdai fundi kwa njia hiyo akapata hela yake, naomba aniambie madai aliyaandikaje.