Tupeane uzoefu: nyaraka gani ilikuokoa au ilikukwamisha kwenye mradi?

Wakuu, habari zenu. Mwishoni mwa 2021 shule yetu ilipata madarasa ya fedha za serikali za kukabili athari za UVIKO-19, shilingi milioni 20 kwa kila darasa, tukajenga kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Wakaguzi walipofika, mkuu wa shule alishahamishwa na fundi alikuwa mkoa mwingine. Faili ndilo lililojibu maswali: mihtasari ya vikao yenye sahihi, ankara kifani za kulinganisha bei, hati za mapokezi, leja ya stoo. Shule jirani walijenga vizuri kuliko sisi, lakini walibanwa kwa kukosa karatasi. Inaniuma hadi leo. Karibuni, hasa mliokaa stoo.

Mtunza stoo, Singida
Mwalimu, umegusa penyewe. Kesi nyingi huanzia kwenye saruji. Leja yangu ilikuwa na tarehe, iliyoingia, iliyotoka, salio na sahihi ya fundi, nami nikaongeza safu ya kazi iliyofanyika. Sikuandika tu "mifuko 8 imetoka". Niliandika "mifuko 8, zege la lenta, darasa la pili", yaani ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Mhandisi aliposema saruji imetumika nyingi mno, tulifungua leja tukaenda kupima lenta pamoja. Hoja ikafungwa siku hiyohiyo.

Fundi mwashi, Shinyanga
Mimi yalinikuta kwenye msingi. Udongo ni wa mbuga, ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, msimamizi akaagiza kwa mdomo tuchimbe zaidi. Mawe yakaongezeka, vibarua wakaongezeka. Siku ya malipo ya hatua ya msingi, wakapima kwa mchoro tu, nyongeza sikulipwa, na vibarua nikawalipa mfukoni mwangu. Sasa ninatembea na kitabu cha maelekezo chenye nakala. Anayeagiza aandike, asaini, ndipo tuchimbe.

Kamati ya mapokezi, Kigoma
Risiti za EFD jamani, zile za mashine za kielektroniki za kodi! Maandishi yake hufifia, zikipata joto ndiyo kabisa. Toa nakala kivuli mapema uiambatanishe na hati ya malipo pamoja na risiti yenyewe.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Na nguvu za wananchi je? Mchanga, mawe, maji ya kuchota, havina risiti.

Mtendaji wa kijiji, Iringa
Hapo ndipo wengi huacha pengo, na ni kuwanyima wananchi haki yao. Sisi kila kitongoji kilikuwa na daftari: nani amefika, amefanya kazi gani, tripu ngapi za mchanga au mawe. Kamati ikathaminisha kwa bei ya hapa kijijini, thamani ikaingia kwenye muhtasari na kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji pamoja na fedha za serikali. Mama mmoja alisimama akasema siku zake za kuchota maji hazimo. Tukaangalia daftari la zamu, kweli zilirukwa, tukasahihisha mbele ya mkutano. Kesho nitaweka hapa mfano wa safu za daftari hilo, bila majina.