Kituo cha watoto Mbeya: kamera za waya, za Waifai, au niajiri mlinzi?

MamaPacha_Mby
Wakuu salaam. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Mbeya. Wiki iliyopita mzazi mmoja kamhamisha mtoto, anasema kwa wenzetu kuna kamera, kwetu hamna. Sasa niko njia panda: nifunge kamera za waya na DVR (ile mashine ya kurekodia), ninunue zile za Waifai za kuchomeka tu, au hela hiyo hiyo nimlipe mlinzi wa getini? Fundi anataka jibu Ijumaa.

FundiNyaya
Dada, hapo bado hujasema kitu. Watoto wangapi? Nyumba yako au umepanga? Bajeti? Umeme ukikatika una nini?

Kijana wa Soweto
Chukua za Waifai. Mimi dukani ninayo moja ina memori kadi ya GB 64, naangalia kwenye simu nikiwa popote. Waya ni mambo ya kizamani.

FundiNyaya
Dukani unalinda soda. Umeme ukikatika ruta inazima, kamera inabaki pambo. Na mwizi akiing'oa kaondoka na memori kadi, ushahidi uko mfukoni mwake. DVR unaifungia kabatini chumba kingine. Halafu mpigieni fundi hesabu. Kamera moja ya picha kali (1080p) ikirekodi mchana na usiku kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu GB 21.6 kwa siku. Nne zinakula GB 86. Hadi diski ya TB 1, yaani GB 1,000, inajaa siku ya kumi na moja au ya kumi na mbili, kisha inaanza kufuta za zamani. Fundi akikwambia inatunza miezi mitatu, muulize anarekodi nini.

Bibi Harusi wa Tukuyu
Ngoja niwasimulie, maana mimi yamenikuta. Kituo changu kiko Tukuyu, na mvua ya huku mnaijua. Tulifunga kamera nne za waya na DVR, wazazi wakafurahi, nikabandika hadi bango getini. Siku moja, saa saba kasoro, bodaboda kaleta mkaa. Mlinzi kafungua geti, kapokea gunia, kalibeba mpaka jikoni. Dakika mbili tatu tu. Kuja kugawa chakula, sahani moja haina mwenyewe, ndizi zinapoa.

Mimi badala ya kukimbilia barabarani nikakimbilia DVR. Hilo najilaumu mpaka leo. Nafungua tarehe ya siku ile, hakuna kitu. Nafungua ya jana yake, ipo. Kumbe usiku umeme ulikatika, na kile kibetri cha saa ndani ya mashine kilishakufa, kwa hiyo ilipowaka ikaamini ni tarehe 1 Januari 2000 na kurekodi kila kitu huko. Mpaka tunaigundua, nusu saa imeisha. Na picha yenyewe! Zile taa za kuonea usiku zinavuta wadudu, buibui anafuata wadudu, basi kajenga utando mbele ya kioo. Ninachoona ni gurudumu la pikipiki na kitu chekundu kinapita chini yake. Hicho chekundu kilikuwa sweta la mtoto aliyekosekana.

Alipatikana nyumba ya tatu, kakaa kwenye kigoda na bibi mmoja wanachambua maharage. Bibi ananiuliza, "Huyu wa nani?" Nililia pale pale.

Siku hizi komeo la geti liko juu, usawa wa kifua cha mtu mzima. Ndani kuna kigeti cha pili cha mbao. Geti likifunguliwa kwa lolote, watoto wanahesabiwa. Kamera zipo bado, fundi hajaja kubadili betri.

Kijana wa Soweto
Pole sana mama. Ila hiyo ni kesi ya betri, kamera haina kosa.

FundiNyaya
Ni kosa la fundi. Kile kibetri cha duara bei yake ndogo, na UPS, ile betri ya akiba, ingeshikilia mashine isizime hovyo. Na huyo buibui ni ufagio tu kila Jumamosi.

Baba Kihesa
Nyie mnabishania nyaya. Kwangu nina mbwa wawili na hawahitaji betri.

Kijana wa Soweto
Mtu wa Iringa na mbwa tena 😂 Watafika Krismasi hao?

Baba Kihesa
Utani wenu tumeuzoea. Wamechanjwa, wana kadi zao.

Mwl_Mstaafu
Mbwa kwenye kituo cha watoto wa miaka miwili? Akivutwa mkia je? Tuwe serious kidogo.

Mzazi_Forest
Mimi kama mzazi nataka kamera, tena chumba cha kulala. Kuna kituo mwanangu alikuwa anashika nguo yangu kila asubuhi, analia. Namuuliza dada, ananijibu "anadeka". Atabishana naye nani, mtoto wa miaka miwili? Kamera ingesema. Na ningependa nione moja kwa moja kwenye simu yangu.

Mwl_Mstaafu
Hapo kwenye simu napinga. Ukimwona wa kwako unawaona na wa wenzako, wanabadilishwa nepi. Mmoja akirekodi akatupia kwenye grupu la WhatsApp? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Mwenye kituo achukue ridhaa ya wazazi kwa maandishi, chooni asiweke kabisa, na rekodi aione yeye na mtu mmoja tu.

Mzazi_Forest
Yaani nalipa ada halafu nisione mwanangu?

Mwl_Mstaafu
Njoo kituoni bila taarifa, saa nne asubuhi. Kituo kitakachokukatalia kuingia ndicho cha kukimbia.

MamaPacha_Mby
Samahani wakuu, nilikuwa nalaza watoto. Wako 26, niko Uyole, nyumba ya kupanga. Bajeti laki saba. Umeme ukikatika sina kitu. Na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe.

FundiNyaya
Hilo la ukuta ungelisema juzi! Waya zote zinataka kutoboa. Basi zipite darini. Mwenye nyumba anapanda darini?

Kijana wa Soweto
Ndiyo nilisema Waifai 😎

Baba Kihesa
Kuna mtu kaniambia geti la kitasa cha umeme, unabonyeza linafunguka. Vipi hilo?

FundiNyaya
Uliza kwanza umeme ukikatika linajifungua au linajifunga. La kujifunga, siku ya moto mtawatoa wapi watoto 26?

Ukungu wa Uyole
Mnazungumzia wezi, Juni inakuja. Vituo vingi huku baridi ikikaza wanaingiza jiko la mkaa ndani, madirisha wanafunga, watoto wamelala. Kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina rangi wala harufu. Kamera itaonyesha watoto wamelala vizuri tu.

MamaPacha_Mby
Jamani. Mbona sisi huwa tunaingiza, saa za asubuhi.

Ukungu wa Uyole
Litoe leo.

MamaPacha_Mby
Nimelitoa. Fundi naye kashusha bei, sijamjibu bado. @Bibi Harusi wa Tukuyu, kile kigeti cha mbao mwenye nyumba hakusema kitu?

Bibi Harusi wa Tukuyu
Kimefungwa kwenye nguzo za baraza kwa bawaba na waya, ukuta hatukugusa. Picha nitakutumia umeme ukirudi, simu ina asilimia nne.