Ati kanisa la Memorial hapa Mombasa lilikuwa msikiti! Yule bwana wa fimbo leo kanikomesha

Jamani, nimetoka mjini sasa hivi, mikono bado yanitetemeka. Mwamjua. Yule wa Nkrumah Road, mvizia watalii awatembeze mji, mwenye sauti ya kuamsha maiti wa Manyimbo. Kawasimamisha wageni mbele ya kanisa, kanyoosha fimbo kwenye kuba: "Huu ulikuwa msikiti, Wazungu wakauteka." Msikiti! Na wageni wakaandika. WAKAANDIKA!

Nikamwambia, kaka, hili lilianza kujengwa 1903, na ni kanisa tangu msingi. Ni ukumbusho wa Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, na Askofu Parker aliyeshika nafasi yake akafa 1888 huko kusini mwa Ziwa Victoria. Kuba na matao ni mtindo tu, liendane na mji wetu wa pwani. Akanitazama juu hadi chini, mbele ya watu: "Mama, wewe nenda kaimbe kwaya."

Mimi! Nimebatizwa mle, nimeolewa mle!

Mkaa Kibokoni: "Kaimbe kwaya" 😂😂 Hiyo naenda nayo barazani leo.

Mrabai Halisi: Huyo huyo aliwaambia watu wale wamisionari, Krapf na Rebmann, walishuka jahazi moja. Krapf kafika 1844, Rebmann 1846! Miaka miwili huyo mwenziwe alikuwa akimngoja forodhani?

Mwenye uzi: Msikiti, jamani. Na wakaandika!

Mkaa Kibokoni: Dada, kunywa maji. Sauti ya ngapi lakini, alto?

Damu ya Frere Town: Nyinyi wa kisiwani mwadeka. Kengele yetu ya Frere Town, huku bara, iligongwa kuwaonya watumwa walioachwa huru kwamba watekaji waja. Leo ni kituo cha matatu, "Kengeleni shukaaa!" basi. Kijana wangu apita pale kila siku, juzi kaniuliza, kengele gani?

Mama Kisauni: Makanga wa Kengeleni usinitajie! Jana limedondoka tone moja la mvua, nauli ikapanda mara mbili. Tone moja!

Mwenye uzi: Lakini kasema msikiti...

Bin Makadara: Afadhali matatu. Mwenye tuktuk kanidai mia mbili kutoka hapa Makadara hadi Marikiti, ati kuna foleni. Foleni ilikuwa yeye na mkokoteni.

Mama Kisauni: Marikiti wewe? Hebu tuambie, nazi zauzwaje leo? Maana huku wametuchosha.